Ndoo ya getini ihamie chooni

Safu ya Bibi Muuguzi, Ujiji

Toleo lililopita niliwauliza wasomaji swali moja: katika yale tuliyoyaanza wakati wa Korona, lipi tulishike na lipi tuliache? Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotarajia, kutoka mjini, Kasulu, Uvinza na vijiji vya mwaloni. Nimechagua hizi saba.

Kwanza niseme ninavyopima, ili anayepinga ajue anapinga nini. Mimi sipimi kwa Korona. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ile imekwisha, ingawa kirusi chenyewe bado kipo. Ninapima kwa magonjwa tuliyokuwa nayo hapa Kigoma kabla ya 2020 na ambayo hayajaondoka: kipindupindu, kuhara kwa watoto, homa ya matumbo, kifua kikuu. Jambo likizuia mojawapo ya hayo, tulishike hata kama jina la Korona litasahaulika kabisa. Kama kazi yake ilikuwa kupoza hofu tu, liende.

*

Shikamoo Bibi. Nimeolewa hapa Ujiji, naishi na mama mkwe. Wakati wa Korona nyumba nzima tulianza kunawa kwa kumiminiwa maji. Sasa mama amerudisha bakuli la zamani. Maji yale yale yanazunguka kutoka kwa mgeni wa kwanza mpaka mtoto wa mwisho, kila mtu anasuuza vidole na kushika ugali. Nikisema, anajibu kwamba namwona mchafu na nawanyanyapaa wageni wake. Nifanyeje bila kumkosea adabu?
Mke wa nyumba, Kitongoni

Marahaba mwanangu. Umeliona jambo ambalo wengi hawalioni, na umeliandika vizuri: mtoto wa mwisho. Katika desturi zetu mkubwa hunawa kwanza, mdogo hunawa mwisho. Kwa hiyo yule mwenye tumbo dhaifu kuliko wote ndiye ananawa maji yaliyokwisha kupita mikononi mwa watu saba, kisha anaitia mikono hiyo kinywani. Hapo hajanawa. Amekusanyiwa uchafu wa wote.

Sabuni peke yake haitoshi kwenye bakuli. Kirusi cha Korona kilikuwa na gamba la mafuta, sabuni ikilivunja kimekwisha. Vijidudu vingi vya kuharisha haviko hivyo. Sabuni huving'oa tu kwenye ngozi, na ni maji yanayotiririka ndiyo huvibeba kwenda zake. Maji yakisimama, navyo vinabaki humo vikimsubiri anayefuata. Ndiyo maana nasema kumiminiwa ni katika mambo ya kushikwa kwa mikono miwili.

Sasa kuhusu mama. Usimwambie habari za Korona, wala usimwambie kwamba mimi nimesema. Muulize kuhusu birika. Nyumba za wazee wa Ujiji zilikuwa na birika na beseni, na mgeni alipoketi, kijana wa nyumba alikuja na taulo begani, akapiga goti, akammiminia kuanzia kwa mkubwa. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya mgeni hapa mjini, na mama mkwe wako bila shaka aliikuta kwa wazazi wake. Nunua birika. Siku ya wageni lishike wewe mwenyewe, anza na yeye, mbele ya watu wake. Kipande cha sabuni kiweke kwenye kisahani chenye matundu kisije kikalowa na kuisha upesi. Mama akiona mkwewe anammiminia maji kama binti wa zamani, hataona kwamba ameitwa mchafu. Ataona ametukuzwa, na kweli utakuwa umemtukuza.

Waseme wanaosema kwamba maji yatakwisha. Birika hutumia maji kidogo ukimimina uzi mwembamba: lowesha, funga, apake sabuni na kusugua kwa sekunde 20 mpaka katikati ya vidole na chini ya kucha, kisha mimina tena.

*

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mkoa huu huu. Mwaka 2020 tulipewa ndoo zenye koki na vile vyuma vya kukanyaga kwa mguu. Shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni, watoto walipanga foleni getini kunawa kabla ya kuingia. Leo ndoo zimo stoo, koki nyingi zimekatika. Wenzangu wanasema ugonjwa umekwisha, kuzitoa ni kujitafutia kazi. Kuna haja?
Mwalimu, Kasulu

Marahaba mwalimu. Haja ipo, na naomba nikujibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili liko moyoni mwangu.

Mei 2015, miaka mitano kabla ya Korona, Warundi walikimbia ghasia za uchaguzi kwao wakajaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, hakina barabara ya maana ya kuwatoa. Makumi ya maelfu ya watu katika ufukwe ule mwembamba, wanakunywa maji ya ziwa, wanajisaidia pembeni mwa ziwa hilo hilo. Meli ya MV Liemba ilikwenda na kurudi ikiwaleta Kigoma mjini, na uwanja wa Lake Tanganyika ukawa mahali pa kuwapokelea. Kipindupindu kilikuja nao. Kufikia wiki ya tatu ya Mei walikuwa wameugua watu wapatao 3,000 na kufa watu 31, wakiwemo wenyeji wetu. Mimi nilikuwa katika mahema ya kuwatibia wagonjwa. Mgonjwa wa kipindupindu kikali anaweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa moja. Unamwona mtu mzima mwenye nguvu asubuhi, adhuhuri macho yamezama na ngozi ukiivuta hairudi. Ukimwahi kwa maji ya chumvi na sukari na dripu, anapona na anaondoka kwa miguu yake. Ukichelewa, huna la kufanya.

Kisha mwaka huo huo, kuanzia Agosti, kipindupindu kiliibuka Dar es Salaam na kuenea mikoa mingi, kikatusumbua kwa miaka. Kwa hiyo wenzako wanaposema ugonjwa umekwisha, waulize: upi?

Lakini wana hoja moja ya haki. Ndoo ya getini kweli haina kazi kubwa tena. Tuliiweka getini kwa sababu tulimwogopa anayekuja kutoka nje. Kipindupindu na kuhara haviingii kwa geti, vinatoka chooni na kuingia kinywani. Chukua ndoo zako uzigawe mahali pawili tu: moja mlangoni mwa choo, upande anaotokea mtoto, na nyingine pale wanapogawiwa uji. Mtoto asilazimike kukumbuka kwenda kunawa. Aikute ndoo njiani, mbele yake, hana pa kuikwepa. Ile ya ofisini kwa ajili ya wageni wa halmashauri iondoe, ipeleke kwa watoto.

Koki iliyokatika isiwe sababu. Duka lolote la vifaa vya bomba Kasulu lina koki ya plastiki. Na mahali ambapo koki haidumu kwa sababu ya mikono ya watoto, tengenezeni kibuyu chirizi: dumu la lita tano, tundu dogo la msumari karibu na mdomo, linaning'inizwa kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili, kamba imefungwa kwenye kijiti cha kukanyaga chini. Mtoto anakanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, mkono haujagusa kitu. Sabuni itobolewe katikati ifungwe kwa kamba, vinginevyo itaondoka na mtu siku ya kwanza. Sabuni ikikosekana kabisa, jivu safi la mekoni lisaidie mpaka sabuni ipatikane.

Kuhusu nani ajaze maji, nakuomba sana: isiwe wasichana peke yao. Nimepita shule nyingi ambako ndoo zilikufa kwa sababu hiyo hasa, kazi iliachiwa wasichana wa darasa la sita na la saba, nao wakachoka. Weka zamu ya darasa zima. Na ukiwa na maji mlangoni mwa choo umewafanyia wasichana hao jambo jingine ambalo hawatakuja kukuomba kwa mdomo. Binti aliye kwenye siku zake, akijua chooni kuna maji na mlango unafungika, haji kukaa nyumbani wiki hiyo.

Maji ya kunywa yawe na ndoo yake, yenye mfuniko, yaliyochemshwa au kutiwa kidonge cha kutibu maji. Zisichanganywe hata siku moja.

*

Mama, nasindika dagaa Kibirizi. Tangu Korona napulizia maji ya jiki, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwenye magunia na meza, na wateja wakija nawapulizia mikononi. Niendelee?
Mfanyabiashara wa dagaa

Usiwapulizie watu. Jiki huunguza ngozi, macho na mapafu, na tangu Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilikataza kuwapulizia watu dawa za aina hiyo. Magunia nayo yaache. Ile hofu ya kuambukizwa kwa kugusa mizigo ilikuwa kubwa kuliko hatari yenyewe. Meza ioshe kwa sabuni, ikiwa na damu au matumbo ya samaki ndipo uipanguse kwa jiki iliyochanganywa na maji, uisuuze. Hela ya jiki inunue turubai au chanja ya kuanikia, dagaa wasiguse mchanga.

*

Shikamoo Mama. Baba yetu alifariki mwanzoni mwa 2021. Tulimzika haraka, tukiwa wachache, wajukuu wengi hawakuja. Mwezi huu amefariki mama yetu mkubwa. Kaka yetu aliyeko Dar es Salaam anataka tufanye kama tulivyofanya kwa baba: siku moja tu, watu wasikae, rambirambi zitumwe kwa simu. Anasema Korona ilitufundisha kubana matumizi. Mama analia, anasema dada yake anazikwa kama mtu asiye na ndugu. Kaka ana kosa?
Mwandiga

Poleni sana, kwa mama mkubwa na kwa baba yenu. Naona barua hii ina misiba miwili, na ule wa 2021 haujalala.

Kaka yako hana kosa katika hesabu. Matanga yetu yalifika mahali pabaya. Nimeona familia ikiuza shamba kulisha watu ambao walipokuwa na mgonjwa ndani hawakuletewa hata chupa ya uji. Kupunguza chakula, kupunguza siku, kukataa kukopa kwa ajili ya msiba, hayo yashikwe, na ninayasema nikijua wazee wenzangu watakasirika. Rambirambi kwa simu nazo zishikwe. Kutoka Dar es Salaam mpaka hapa kwa reli ni zaidi ya kilometa 1,200, na mtu mwenye kazi ya kutwa akipanda treni amepoteza riziki ya wiki. Hata ilipoanza tozo ya miamala Julai 2021 watu walinung'unika lakini walituma. Muwe tu na daftari, mtu mmoja mwaminifu aandike kila jina, na jina lisomwe mbele ya wafiwa kama lingesomwa la aliyekuja. Aliyetuma kimya kimya asibaki kama hakuwepo.

Lakini kaka yako amechanganya fedha na watu. Watu hawana gharama wakija wakaketi. Jamvi, maji ya kunywa, basi. Kilichokuwa kinatuua katika mazishi yale ya haraka ni mfiwa kurudi nyumbani jioni na kufunga mlango peke yake, na hilo silitaki lirudi kamwe. Nilikuwa nawaona kliniki wakija na presha, usingizi hauji, kifua kinabana, ukimpima huoni ugonjwa. Ukikaa naye kidogo anakwambia: hatukumlilia. Mama yako anajua anachokililia. Akae na wanawake wenzake siku tatu, hata kama kila jioni wanakunywa chai kavu. Mwambieni kaka kwa upole, na mumwombe aje yeye mwenyewe ikiwezekana, kwa sababu nashuku na yeye hakumlilia baba.

Tena jambo hili halijachelewa. Mkiwa mmekusanyika kwa ajili ya mama mkubwa, tengeni siku moja ya baba. Wajukuu wapelekwe kaburini, dua au misa isomwe kwa jina lake, anayekumbuka habari zake azisimulie. Miaka kupita si kizuizi.

Nina sharti moja, na hapa naomba nisikilizwe na mkoa mzima. Kuna vifo ambavyo maiti yenyewe inaambukiza. Ebola, Marburg na kipindupindu ni vya namna hiyo. Ng'ambo ya ziwa letu ni Kongo. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa huko Agosti 2018 ulidumu karibu miaka miwili, uliua watu 2,287, na uligusa hata Kivu Kusini ambako maboti yetu huenda. Hapo jirani Kagera, Marburg ilizuka Machi 2023, watu 9 wakaugua na 6 wakafa, kisha ikazuka tena Januari 2025. Wataalamu wa afya wakija siku kama hiyo wakasema msioshe, msiguse, tutazika sisi, watiini bila mabishano na mkae mbali mkiomba. Ila uzito huo ubaki kwa vifo hivyo. Mama mkubwa aliyefariki kwa presha au uzee aoshwe na wanawe, abebwe na majirani zake.

Kwa kuwa tumefika kwenye kutembeleana, niongeze la watoto wachanga. Wakati ule tuliacha kumiminika kwa mzazi siku ya kwanza, tukaacha kupokezana mtoto na kumbusu. Hilo naomba lisirudi. Njoo umwone mama, mletee mtori au uji, nawa, mtoto mtazame akiwa mikononi mwa mamaye. Mwenye mafua asubiri arobaini iishe.

*

Bibi, nyungu, kule kujifukiza kwa mvuke wa majani chini ya blanketi, tuendelee nayo?
Bangwe

Kwa watoto, hapana kabisa. Nimefunga vidonda vya watoto waliomwagikiwa sufuria chini ya blanketi, na kovu la usoni halifutiki. Kwa mtu mzima mwenye mafua, mvuke unaweza kumfungua pua kwa muda, lakini hautibu Korona wala nimonia, na anayepumua kwa shida akifunikwa blanketi anaumia zaidi. Mchaichai, tangawizi na ndimu vinywe kama chai, vina utamu wake. Homa ikizidi siku mbili nenda ukapimwe malaria. Huku kwetu hilo ndilo la kwanza kufikiriwa.

*

Mume wangu ameanza dawa za kifua kikuu. Zahanati wamemwambia avae barakoa, naye anakataa, anasema watu watadhani Korona imerudi au kwamba ana gonjwa baya. Nina watoto watatu.
Uvinza

Pole mama, na umwambie baba hongera kwa kuanza dawa. Tanzania imo katika nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani, kwa hiyo hayuko peke yake kijijini hapo. Dawa ni bure kwenye vituo vya serikali, kwa kawaida ni miezi sita, na wengi hupunguza sana kuambukiza baada ya wiki kama mbili za kumeza bila kuruka. Barakoa yake ni ya kipindi hicho cha mwanzo. Mwambie anavaa kwa ajili ya wale watatu. Mwanamume atakataa jambo kwa ajili yake mwenyewe, ila akiambiwa ni kwa ajili ya wanawe hulichukua kwa namna nyingine.

Mimi natamani barakoa ibaki kwetu kama nguo ya mwenye kikohozi. Mwenye kikohozi aivae, mzima aiache, na asiwepo wa kumnyooshea mtu kidole. Kwa nyumba yako kuna jambo kubwa kuliko barakoa: dirisha. Nyumba zetu nyingi za tofali za kuchoma zina dirisha dogo, na hilo nalo limezibwa kwa gunia. Litoe gunia. Alale chumba chenye hewa, mchana akae nje kivulini, na watoto wote watatu wapelekwe kupimwa hata kama hawakohoi.

*

Shikamoo mama. Naendesha haisi, Mwanga kwenda Ujiji. Mwaka 2020 tuliambiwa abiria wakae tu, asisimame mtu, na madirisha yawe wazi. Kukaa tu kuliishia pale pale. Madirisha nayo abiria wananigombeza, kiangazi ni vumbi, masika ni mvua. Niyaache?
Dereva

Marahaba mwanangu. Habari ya kusimamisha watu najua ni hesabu ya tajiri wako na mafuta, sitakutwisha mzigo usio wako, ingawa ningependa mama mwenye mtoto mgongoni asiinamishwe shingo mpaka Ujiji. Madirisha usiyaache. Kifua kikuu, surua, mafua na Korona yenyewe vyote husafiri kwa hewa, na ndani ya haisi iliyofungwa hewa aliyoitoa mmoja ndiyo anayoivuta mwenzake nyuma ya sikio lake. Gari likitembea huna haja ya uwazi mkubwa. Fungua kidogo la kwako na kidogo la nyuma kabisa, upande wa pili, ili upepo ukatize gari zima. Vumbi likizidi, funga mkiwa nyuma ya lori na ufungue ukishalipita. Mvua ikinyesha acha uwazi wa vidole viwili, na anayekaa hapo nyuma mpe kitambaa cha kukausha kiti.